Nilimpa Pole kwa Kiingereza, Nikaonekana Nimekiri Kosa

Nilihesabu mara kumi na moja. Mkurugenzi aligeuza kompyuta yake nione vizuri, akabonyeza, nikasikia sauti yangu mwenyewe katikati ya upepo: "Sorry. Sorry, sorry. Oh, sorry mama, sorry." Mtu haonekani, ni changarawe tu na ncha ya buti, kwa sababu kamera ilikuwa imefungwa kifuani kwa mume wa mgeni na yeye alikuwa anakimbia kuja tulipo. Video ikaisha. Bosi akaniuliza swali moja tu: "Sasa kwa nini ulikiri?"

Nikamjibu, "Bosi, sikukiri. Nilimpa pole."

Jibu lilikuwa la kweli na halikunisaidia kitu. Ilikuwa Septemba 2019, msimu umekolea, na mimi nikatolewa kwenye orodha ya safari "mpaka suala liishe". Naandika haya kwa vijana wanaopanda Mlima Kilimanjaro na wageni, na kwa yeyote wa Moshi au Arusha anayekula kwa Kiingereza cha kuokoteza kama nilivyokuwa nakula mimi. Neno lililoniponza ni lile ambalo kila mtu anadhani analijua.

Nianze nilikolipata. Nilianza mlimani mwaka 2013 kama mgumu, yaani mpagazi, mzigo kichwani, mizani ya getini ikihakikisha hauzidi kilo 20. Kiingereza cha shule nilikuwa nacho kwenye daftari: ukurasa umepigwa mstari katikati, kushoto Kiswahili, kulia Kiingereza. Kwenye mstari wa "pole" mwalimu wetu alituandikia "sorry", na kwenye mstari wa "samahani" akaandika "sorry" hilohilo. Hakuna aliyenyoosha mkono kuuliza inakuwaje maneno mawili yanaingia kwenye shimo moja. Nilikariri, nikafaulu, nikapanda mlima nalo.

Baadaye nikasomea, nikapata leseni, nikawa gaidi msaidizi. (Huku kwetu anayeongoza wageni tunamwita gaidi. Ukiwa Dodoma usijitambulishe hivyo mbele ya askari.) Hapo ndipo nikaanza kuongea na wageni kutwa nzima, na dalili zikaanza kujitokeza, ila sikuzisoma.

Mgeni akipiga chafya, nasema "sorry". Ananitazama: kwani umefanya nini? Mgeni anafika uwanja wa ndege wa KIA usiku wa manane, macho mekundu baada ya ndege tatu, namwambia "sorry for the journey", maana nyumbani mtu akitoka safari huwezi kumwangalia tu bila kumpa pole na safari. Yeye anaanza kuniuliza kama kuna tatizo, kama ratiba imebadilika. Mama mmoja Mwingereza nilimweleza habari ya mti wa senesio pale kambi ya Barranco, akainamisha kichwa, akasema "sorry?" kwa sauti ya kupanda. Nikamjibu kwa ukarimu wote kwamba hakuna shida, nimemsamehe. Alicheka mpaka akakaa kwenye jiwe. Kumbe alikuwa hajanisikia, anataka nirudie.

Tuliyachekea jikoni na mpishi, yakapita. Lakini yote hayo yalikuwa yananiambia kitu kimoja: neno ninalotumia silo walilonalo wao.

Sasa siku yenyewe. Njia ya Machame, siku saba, wageni wanne kutoka Marekani, gaidi mkuu na wasaidizi wawili. Usiku wa samiti, yaani wa kupanda kileleni, tuliondoka kambi ya Barafu kabla ya saa sita, tukafika kilele cha Uhuru, mita 5,895, jua likiwa limeshatoka. Wote wanne walifika. Picha, machozi, kukumbatiana. Matatizo ya mlima huu, waulize wazoefu, mengi hayatokei kwenye kupanda. Yanatokea kwenye kushuka, magoti yamelegea na akili imeshafika hotelini.

Kutoka Stella Point kurudi Barafu kuna mteremko wa changarawe laini. Unaserereka nao, kisigino mbele, vumbi linapanda hadi kiunoni. Mimi nilikuwa nimemshika mkono mgeni wa tatu aliyekuwa anatapika. Yule mama wa kwenye video alikuwa hatua mbili nyuma yangu, na fimbo zake mbili, anatembea vizuri kuliko wote. Nikasikia mawe. Nageuka, yuko chini, amekalia mguu mmoja na mkono wa kushoto umepinda pale kwenye kifundo kwa namna ambayo mkono haupindi.

Kilichonitoka mdomoni sikukichagua. Mtu akianguka mbele yako unampa pole, hata kama hukumwona akianguka, hata kama humjui, hata kama ni adui yako. Bibi yangu kule Kibosho alikuwa anampa pole hata kuku aliyekanyagwa. Ila kwa wageni nilikuwa nimejizuia kusema "pole" yenyewe, kwa sababu siku sita mfululizo tumewaimbia "pole pole, pole pole", na kwao neno hilo maana yake ni kupunguza mwendo. Ningemwambia "pole" akiwa chini pale angedhani namkaripia kwamba alikimbia. Kwa hiyo nikaenda kwenye ule ukurasa wa daftari, nikavuka mstari wa katikati.

Mara kumi na moja.

Huduma yenyewe tuliifanya sawasawa. Tulimfunga mkono kwa kipande cha godoro la kulalia na bandeji ya pembetatu, tukampa dawa ya maumivu aliyokuwa nayo, akashuka kwa miguu yake hadi Barafu, kesho yake Mweka geti, kisha hospitali. Mfupa ulikuwa umevunjika. Alinishukuru. Nasema hivi kwa sababu ni kweli: alinishukuru, na tipu akatoa kama wengine. Wiki tatu baadaye ikaja barua pepe ya mume wake kwa kampuni. Wanataka kurudishiwa gharama za safari, na hoja ya kwanza ni kwamba kiongozi wenu mwenyewe alikubali kosa papo hapo, tena kwa kurudiarudia, na video imeambatanishwa.

Gharama kwangu. Nilikosa safari tatu kabla msimu haujaisha. Siku ishirini na moja kwa shilingi 40,000 ni 840,000, bila kuhesabu tipu, ambayo kwa kweli ndiyo inayojenga nyumba. Ada ya mtoto nilikopa kwa shemeji. Nikajiambia basi, nitafidia mwakani. Mwakani ikawa 2020, ndege zikasimama kwa corona, Moshi nzima ikawa inauza barakoa na mayai ya kuchemsha. Lakini pesa siyo iliyoniuma zaidi. Iliyoniuma ni kupita stendi na kusikia mtu anamwambia mwenzake kwa sauti ya chini, "Ndiye yule aliyemvunja mzungu mkono."

Kosa langu la pili nililifanya hapo hapo ofisini. Niliambiwa niandike barua, nikaandika usiku uleule nikiwa na hasira, ukurasa mmoja na nusu, bila saa, bila jina la mtu aliyeshuhudia, nikieleza tu kwamba mimi ni mwaminifu na nina miaka sita mlimani. Barua ya namna hiyo haina kazi. Ingetakiwa iseme: saa ngapi, tulikuwa wapi, nani alikuwa mbele na nani nyuma, mkono wangu ulikuwa umeshika nini. Gaidi mkuu ndiye aliyeniokoa, kwa sababu yeye ana kidaftari kidogo cha mfukoni na alikuwa ameandika yote hayo palepale, kwa penseli, maana kalamu huganda kule juu. Tangu siku hiyo na mimi ninacho. Kijana, nunua kidaftari kabla hujanunua miwani ya jua.

Nikiwa nakaa nyumbani bila kazi nikaenda kumwona mzee mmoja jirani yetu kule Rau, amestaafu, alifundisha Kiingereza miaka mingi. Nilimpelekea ndizi mshare. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba, mwanangu. Nimesikia." Moshi ni ndogo. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akaingia ndani, akatoka na kamusi nene ambayo jalada lake limeshikiliwa na plasta ya kidonda.

Aliniambia kwanza nisiulaumu ujinga wangu peke yake, kwa sababu neno lenyewe limetembea sana. Katika Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka elfu moja nyuma, lilikuwa "sarig", na limetokana na "sar", yaani maumivu, kidonda, jeraha. Ni damu moja na neno "sore" la leo. Hapo nikashtuka, kwa sababu "sore" nalijua kuliko neno lolote: kila siku ya kushuka, kila mgeni, pale Mweka, anashika mapaja na kusema "I'm so sore". Kwa hiyo mtu wa zamani aliyesema yeye ni "sorry" alikuwa anasema ana kidonda. Anaumwa moyoni. Kosa halimo hata kidogo.

"Na 'sorrow', ile huzuni?" nikamuuliza, nikijiona mjanja.

"Hapo ndipo wengi wanapotegwa," akasema. Yanafanana kama mapacha na hayakuzaliwa nyumba moja. "Sorrow" ilitoka kwenye "sorg", ambayo Wajerumani mpaka leo wanayo kama "Sorge", mashaka au wasiwasi. Maneno mawili yaliishi jirani karne nyingi, maana zikakaribiana, mwisho hata matamshi ya moja yakaanza kumfuata mwenzake. Kama majirani walioshirikiana uzio mpaka watoto wanafanana tabia.

Akanipa na jingine ambalo limenifaa sana kwa wageni wa Kijerumani. Ile "sehr" yao, wanayosema "sehr gut" kwa maana ya nzuri sana, ni ndugu wa "sore". Zamani ilimaanisha kwa maumivu, kwa uchungu, kisha uchungu ukapotea ikabaki "sana". Nikawaza kidogo, nikacheka. Sisi si tunasema vilevile? "Amependeza vibaya." "Chakula kitamu vibaya mno." Watu wote duniani wakitaka kusifu kupita kiasi wanakimbilia kwenye ubaya.

Halafu maana ikaendelea kuzaa. Kitu cha hali duni kikawa "sorry" pia: ukisikia mgeni anasema hema lako liko kwenye "sorry state", hakupi pole wewe wala hema, anasema ni bovu. Lile la kuomba msamaha lilianza kama sentensi nzima, naumia kwa nililofanya, kisha katika karne ya 19 watu wakawa wanalitupa peke yake, neno moja, bila kusema nani anaumia na kwa nini. Mwalimu aliona kuwa hapo ndipo mkasa wangu ulipoanzia. Ukilitupa hivyo, peke yake, baada ya ajali, sikio la Mwingereza au Mmarekani wa leo linajaza nafasi iliyo wazi: samahani, ni mimi. Sikio la Mswahili lingejaza: wewe umeumia. Yeye anamtafuta mkosaji, sisi tunamwangalia majeruhi.

Nilimwonyesha na barua ya kampuni iliyonitaka niandike "apology". Akaguna. Akasema neno hilo limetoka kwa Wagiriki, "apologia", na kwao ilikuwa hotuba ya mshtakiwa kujitetea mbele ya baraza, kama Sokrates alivyojitetea Athens mwaka 399 kabla ya Kristo. "Kwa hiyo wewe andika apologia ya Kigiriki," akasema, "wao wakiisoma kama ya Kiingereza shauri yao." Tuliiandika upya pale barazani, aya tatu, kwa ukweli na saa zake. Mgeni wa tatu, yule aliyekuwa anatapika, naye akaandikiwa na kampuni na akathibitisha kwamba nilikuwa nimemshika yeye. Suala likaisha Desemba. Bima ya mgeni ililipa matibabu, kampuni ikawapunguzia kitu kidogo kulinda jina, mimi nikarudishwa kwenye orodha. Hakuna aliyeniambia pole, ambayo nilikuwa naisubiri.

Nilidhani hayo ni matatizo ya sisi tusiojua Kiingereza. Kumbe wenye lugha nao yamewashinda. Mwaka 2022 nilipandisha mwanasheria kutoka Kanada, mzee wa utani, na usiku mmoja kambi ya Karanga, chai mkononi, nikamsimulia. Akasema kwao Wakanada watu huwacheka kwa kusema "sorry" hata ukimkanyaga wewe, na kwamba jambo hilo lilikuwa zito kiasi cha kutungiwa sheria. British Columbia walipitisha yao mwaka 2006, Ontario wakafuata 2009: ukimwambia mtu "sorry" baada ya ajali, mahakama haiwezi kulichukua neno hilo kuwa ushahidi kwamba umekubali kosa. Uingereza nao waliweka kifungu kama hicho mwaka 2006. Marekani majimbo mengi yana sheria zao. Massachusetts walianza mwaka 1986, na wanalinda maneno ya kumhurumia aliyeumia. Nilimuuliza, yaani watu walikuwa wanaogopa kumpa majeruhi pole? Akasema ndiyo, madaktari, madereva, watu wanasimama kimya karibu na mtu anayevuja damu kwa sababu wakili amewaambia wafunge mdomo.

Sikulala vizuri usiku ule, na haikuwa baridi. Maana nilikuwa nimeshaanza kuwa hivyo. Tangu 2019 mgeni akijikwaa nilikuwa nanyamaza, nafunga kidonda kimya kama fundi baiskeli. Nilidhani ndiyo ustadi.

Sasa ninavyofanya, na mtu achukue kinachomfaa. Mgeni akianguka, cha kwanza namuuliza ameumia wapi, na swali hilo lenyewe linabeba nusu ya pole. Kisha nasema "I'm sorry you're hurt", nzima, na "you" ndani yake, siyo lile neno tupu. Au nasema naona inauma, niko hapa, siondoki. Chafya wana lake, "bless you", jibu na usonge mbele. Aliyetoka safari muulize safari ilikuwaje, mpokee begi. "Pole na kazi" usihangaike kuitafuta, hawana. Mpe mtu chai tu. Ukisikia "sorry?" inayopanda mwishoni, rudia ulichosema, taratibu. Ukisikia "sorry, but" jua unakataliwa, usiendelee kuuza.

Na ukikosea kweli, kubali. Mwaka jana nilisahau dawa za mgeni kambi ya Shira, tuko tumeshavuka Lava Tower. Nilimwambia "sorry" na nikataja kosa: nimeacha mfuko wako wa dawa, ni kosa langu, kijana ameshaufuata. Alikasirika dakika kumi, hasira ikaisha. "Sorry" inayotaja kosa lake haina utata, na wageni wanaiheshimu kuliko kumi na moja za kurushwa hewani. Hapo Kiswahili kimetufundisha vizuri tangu mwanzo, kwa kuwa samahani tumeichukua kwa Waarabu ikiwa na maana yake kamili, nisamehe, na hakuna anayeichanganya na pole. Mtoto wa miaka minne anajua ipi aseme akimwaga uji na ipi aseme mama akikata kidole.

Juzi Julai nilikuwa na mgumu mpya, kijana wa Uru, nimempandisha cheo abebe begi dogo la mgeni ili azoee kuongea. Tunapita msitu wa Machame, unyevu, mgeni mbele akapiga chafya kubwa. "Sorry!" kijana akasema. Mgeni akageuka kumtazama. Nikamnong'oneza kijana kwamba hapo husemi hivyo, unasema "bless you". Akalisema. Tukatembea kidogo, naona kijana hana raha.

"Bro, sasa hiyo ni baraka," akaniambia. "Pole yake nani atampa?"

Nikamwambia mpe kwa Kiswahili. Chafya ya pili ilikuja muda si mrefu, na kijana akasema kwa sauti nzuri kabisa, "Pole!"

Mgeni akaangalia miguu yake, akapunguza mwendo.